UHAKIKI WA NASABA ZA MIMEA ILIYOHARIRIWA JENI: TATIZO LA ISTILAHI BAINA YA MAABARA, KITALE NA BUNGOMA

1. Utangulizi

Mkulima wa Bungoma anaponunua mbegu ya mahindi iliyotoka Kitale huambiwa kwamba mbegu hiyo imethibitishwa. Mtaalamu wa maabara akiisha kusoma DNA ya mmea alioubadili, naye husema kwamba amethibitisha. Na siku serikali inapotoa ruhusa ya kupandwa kwa aina mpya ya mmea, magazeti huandika kwamba serikali imethibitisha. Neno ni moja, lakini vitendo ni vitatu, na kila kimoja kina ushahidi wake, watu wake na mipaka yake.

Mkanganyiko huu ulikuwa na athari ndogo wakati mbegu ilipokuwa ikizalishwa kwa kupandisha mmea na mmea tu. Hali imebadilika. Mwaka 2022 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayoteknolojia ya Kenya ilitoa miongozo ya kushughulikia viumbe vilivyohaririwa jeni. Kwa mujibu wa miongozo hiyo, kila ombi hutazamwa peke yake, na mmea uliohaririwa ambao haukubakiwa na DNA ngeni unaweza kuhesabiwa sawa na mmea wa kawaida. Kwa hiyo hukumu ya kisheria hutegemea jibu la swali la kimaabara, na jibu hilo hupokewa na umma kwa lugha, aghalabu kwa Kiswahili.

Madhumuni ya makala haya ni mawili: kwanza, kueleza jinsi nasaba za mimea iliyohaririwa jeni zinavyohakikiwa, pili, kupendekeza mgawanyo wa istilahi utakaotenganisha vitendo ambavyo kwa sasa vinabebwa na kitenzi kimoja. Maelezo yataanza na mmea mdogo sana unaotumiwa katika uchunguzi wa ukuaji, kwa kuwa ndani yake hatua za uhakiki huonekana bila kufichwa na mambo mengi. Kisha yatahamia kwenye mahindi ya Kitale.

2. Maana ya kuhariri jeni

Istilahi "kuhariri jeni" imejengwa kwa kitenzi kinachojulikana sana katika kazi za uchapishaji. (Nomino "hariri", yaani kitambaa laini, inafanana nacho kwa sauti tu na haihusiki hapa.) Sitiari ya mhariri inafaa kwa sehemu: DNA ni mfuatano mrefu wa herufi nne za kikemia, na mtafiti hulenga mahali maalumu katika mfuatano huo apate kupabadili.

Hata hivyo, sitiari hiyo ina upungufu unaopaswa kutambuliwa tangu mwanzo. Katika mbinu iitwayo CRISPR, iliyoelezwa mwaka 2012 na kuwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2020, protini inayokata DNA huongozwa na RNA elekezi yenye herufi zipatazo ishirini zinazolingana na mahali panapotakiwa. Protini hukata. Baada ya hapo seli yenyewe huunga palipokatwa, na katika kuunga huko huweza kuangusha herufi moja, mbili au kumi, au kuongeza nyingine. Mhariri wa kitabu hulijua neno alilolifuta; mtafiti wa jeni, katika matumizi ya kawaida ya mbinu hii, huchagua mahali pa kukata lakini hachagui namna jeraha litakavyopona. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuwapo kwa uhakiki. Bila ya kusoma tena kilichoandikwa na seli, hakuna ajuaye kilichohaririwa.

3. Mmea wa mfano na jina lake

Katika misitu yenye unyevu ya Mlima Elgon, unaoonekana kutoka Kitale na kutoka Bungoma, magome ya miti na mawe hufunikwa na mimea midogo ya kijani isiyo na maua wala mizizi ya kweli. Watu wengi huiita "ukoga". Neno hilo lina matatizo yake katika sayansi, maana ukoga ni pia utando wa kijani unaotanda juu ya maji yaliyotuama, na ni uchafu unaogandamana kwenye meno. Neno "kuvumwani" nalo limekwisha kutengewa kiumbe kingine, kile kinachotokana na ushirika wa kuvu na mwani. Katika makala haya "ukoga" litatumika kwa maana ya mmea tu, na kwa tahadhari hiyo.

Aina ya ukoga iliyochunguzwa kuliko zote ni ile iitwayo kwa Kilatini Physcomitrium patens, ambayo katika maandishi ya miongo iliyotangulia iliitwa Physcomitrella patens. Nasaba inayotumiwa katika maabara nyingi ilitokana na mmea uliokusanywa mwaka 1962 na H. L. K. Whitehouse katika msitu wa Gransden, Uingereza. Mwaka 1997 ilidhihirika kwamba ukoga huu hupokea DNA iliyotengenezwa na kuipachika mahali panapolingana nayo kwa urahisi usio wa kawaida miongoni mwa mimea. Mfuatano wa DNA yake yote ulitangazwa mwaka 2008, na kufikia mwaka 2016 mbinu ya CRISPR ilikuwa imekwisha kutumiwa kwake.

Wachunguzi wa ukuaji huupenda mmea huu kwa sababu mbili. Kwanza, huanza maisha yake kama uzi wa seli zinazopangana moja baada ya moja, na ukuaji hutokea kwenye seli ya nchani. Baadaye baadhi ya seli hugeuka vichipukizi, na mmea huacha kuwa uzi ukawa shina lenye majani. Hivyo mabadiliko makubwa ya umbo yanaweza kufuatwa katika seli moja moja kwa hadubini. Pili, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ukoga ni haploidi, yaani kila seli ina nakala moja tu ya kila jeni. Jeni ikiharibika, hakuna nakala ya pili ya kuificha kasoro.

4. Maswali matano ya uhakiki

Mtafiti huanza kwa kuondoa kuta za seli kwa vimeng'enya, akabaki na protoplasti, yaani seli zisizo na ukuta. Huzitia DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini inayokata pamoja na RNA elekezi. Kila protoplasti inayopona hujenga upya ukuta wake, ikagawanyika na kuwa mmea mzima. Uzao wa mmea mmoja wa namna hiyo ndio unaoitwa hapa "nasaba". Kabla ya nasaba kutumiwa kama ushahidi, maswali matano hayana budi kujibiwa.

(a) Je, badiliko limetokea mahali palipokusudiwa?

Kipande cha DNA kinachozunguka mahali palipolengwa huzidishwa mara nyingi, kisha mfuatano wake husomwa na kulinganishwa na wa mmea asilia. Hapa idadi ya herufi zilizopotea ina uzito mkubwa, kwa kuwa seli husoma ujumbe wa jeni kwa mafungu ya herufi tatu tatu. Mfano wa maneno ya Kiswahili utafafanua jambo hili:

JUA KAA PAA LIA ZAA

Herufi K ikiangushwa, na msomaji akaendelea kusoma tatu tatu, atapata:

JUA AAP AAL IAZ AA

Kuanzia palipotokea upungufu, maana yote imevurugika. Lakini zikiangushwa herufi tatu za KAA, atapata:

JUA PAA LIA ZAA

Neno moja limetoweka na mengine yamesalimika. Hali kadhalika, jeni iliyopoteza herufi tatu huweza kutoa protini iliyopungukiwa na amino asidi moja tu na inayofanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo kauli ya kwamba "jeni imehaririwa" haitoshi kueleza kwamba jeni imezimwa.

(b) Je, kazi ya jeni imekoma kweli?

Hata pale mpango wa kusoma unapovurugika, seli ina njia za kukwepa. Inaweza kuanza kusoma kutoka mahali pa mbele zaidi, au kuliruka fungu lenye kasoro wakati wa kuunganisha ujumbe wa RNA, ikapata protini fupi yenye uwezo kiasi. Ndiyo maana mtafiti makini huchunguza pia RNA, na inapowezekana protini yenyewe, badala ya kutosheka na DNA.

(c) Je, hakuna kingine kilichobadilika?

Swali hili lina sehemu tatu. RNA elekezi huweza kukubaliana na mahali pengine panapofanana na palipolengwa, na protini ikakata huko pia. Kwa hiyo sehemu zinazofanana hutafutwa katika mfuatano wote wa DNA, kisha husomwa. Aidha, DNA iliyotiwa ili kuleta protini inayokata huweza kubaki ndani ya seli au kujipachika kwenye kromosomu. Nasaba hupimwa ili kuhakikisha kwamba imekwisha kutoweka. Sehemu ya tatu inahusu ukoga hasa: kemikali inayotumiwa kuingiza DNA huweza kuziunganisha protoplasti mbili kuwa moja. Mmea unaotokana na muungano huo huwa diploidi, na umbo lake huweza kutofautiana na la mmea wa kawaida hata kama hakuna jeni iliyoguswa. Mtafiti asiyepima kiasi cha DNA katika seli anaweza kulihusisha umbo hilo na jeni aliyoilenga, akaandika historia ya jeni ambayo haikutenda lolote.

(d) Je, umbo lililoonekana limesababishwa na badiliko hilo?

Mambo mawili kutokea pamoja hakuonyeshi kwamba moja limelizaa jingine. Njia ya kwanza ya kujibu ni kutumia nasaba kadhaa zilizopatikana kwa kujitegemea: zikiwa zote zina badiliko katika jeni moja na zote zina kasoro moja ya umbo, bahati nasibu huanza kuondolewa. Njia ya pili, yenye nguvu zaidi, ni kuirudishia nasaba jeni nzima. Umbo la asili likirejea, hoja imesimama. Mmea wa kulinganishia nao lazima uwe wa nasaba ileile iliyotumiwa mwanzo. Ukoga wa Gransden uliotunzwa kwa miongo katika maabara mbalimbali umekusanya tofauti zake mwenyewe, na baadhi ya matawi yake yamepungukiwa na uwezo wa kuzaa kwa njia ya mbegu za kiume na yai.

(e) Je, nasaba iliyopo leo ndiyo ileile iliyohakikiwa?

Sahani huchanganyika, lebo hufutika, na vipande vya mmea mmoja huangukia kwenye chombo cha mwingine. Uhakiki wa mwaka jana hautoshi kwa jaribio la mwaka huu. Nasaba husomwa tena kila inapotolewa akibani au kupelekwa maabara nyingine.

5. Kutoka ukoga hadi mahindi ya Kitale

Kitale ina historia ndefu ya kutunza nasaba za mimea. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa huko mwaka 1956. Kazi ya kuzalisha mahindi bora ilikwisha kuanza mwaka 1955 chini ya Michael Harrison, na mwaka 1964 ilitolewa H611, iliyopatikana kwa kupandisha Kitale Synthetic II na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekuado. Mafanikio ya aina hiyo yalitegemea kuwaweka wazazi wawili mbalimbali, kila mmoja akijulikana, asichanganyike na mwingine wala na mahindi ya jirani. Kwa maana hiyo swali la (e) lilikuwa likiulizwa katika mashamba ya Trans Nzoia miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuhariri jeni.

Mahindi hutofautiana na ukoga katika jambo moja kubwa: ni diploidi. Kila jeni ina nakala mbili, na badiliko linaweza kuingia katika nakala moja likaiacha ya pili. Zaidi ya hayo, mmea wa kwanza uliohaririwa huweza kuwa na mabaka: jani moja lina badiliko, jingine halina. Hivyo mtafiti wa mahindi halazimiki kujibu maswali matano tu. Hulazimika kuyajibu katika vizazi vinavyofuatana, mpaka apate mimea ambayo nakala zake zote mbili zina badiliko na ambayo haikurithi DNA iliyoleta protini inayokata. Kwa bahati, mahindi humpa pia msaada ambao hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko katika ukoga: kupandisha na mzazi asilia kwa vizazi kadhaa huondoa mabadiliko mengi yaliyotokea pasipokusudiwa.

Haja ya kazi hiyo ni ya kweli. Mwaka 2011 ugonjwa wa mahindi uuao, unaotokana na kushirikiana kwa virusi viwili, ulitambuliwa katika Bomet na kuenea katika maeneo mengine ya Kenya na Afrika Mashariki. Nasaba nyingi za mahindi zilizokuwa zikitumiwa zilionekana kutokuwa na kinga. Kinga ya kuaminika ilipatikana katika nasaba zenye asili ya Thailand, na sehemu yake muhimu iko kwenye kromosomu ya sita. Kuihamisha kwa kupandisha huchukua vizazi vingi na huburuta jeni nyingine zisizotakiwa. Ndipo CIMMYT, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, yaani KALRO, na kampuni ya Corteva walipoingia katika kazi ya kuhariri nasaba zilizokwisha kuzoea mazingira ya Afrika Mashariki.

Kazi hiyo haina budi kutofautishwa na ya mahindi ya Bt, ambayo yalijaribiwa na KALRO katika viwanja vilivyozungushiwa uzio huko Kitale na Kiboko. Mahindi ya Bt yana jeni iliyotoka kwa bakteria na inayokusudiwa kubaki humo. Katika mahindi yaliyohaririwa kwa namna iliyoelezwa hapa, DNA ngeni hukusudiwa kuondoka. Tofauti hiyo yote imo katika swali la (c).

6. Neno linapofika Bungoma

Katika gazeti au redioni, aina zote mbili aghalabu huitwa "mbegu za GMO". Marufuku ya kuingiza vyakula vya aina hiyo nchini Kenya iliwekwa mwaka 2012 na serikali ikaiondoa mwaka 2022, na hatua hiyo ikapingwa mahakamani. Katikati ya mabishano hayo mkulima husikia upande mmoja ukisema kwamba mbegu "imethibitishwa" na upande wa pili ukisema kwamba "haijathibitishwa". Inawezekana kabisa pande zote mbili zikawa zinasema kweli, kwa kuwa mmoja unazungumzia kusomwa kwa DNA na mwingine unazungumzia idhini ya kuuza.

Upo mkanganyiko mwingine wa karibu zaidi. Mbegu bandia, yaani nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi na kutiwa katika mifuko ya kuigiza, ni tatizo la miaka mingi magharibi ya Kenya. Shirika la KEPHIS hukagua mashamba ya mbegu, hupima sampuli na kuweka lebo. Lebo hiyo inamwambia mkulima kwamba kilichomo ni aina iliyoandikwa, kwamba ni safi kwa kiwango kilichowekwa na kwamba itaota. Haisemi lolote kuhusu jeni fulani kuwa chanzo cha sifa fulani. Mkulima anayedhani kwamba lebo inajibu swali hilo la pili atakuja kuishutumu lebo kwa jambo ambalo haikuahidi. Na anayedhani kwamba uhakiki wa maabara unatosha kuwa lebo atanunua hasara ya msimu mzima.

Nalo neno "vinasaba" huongeza uzito wa mzigo. Nchini Tanzania hutumika sana kwa maana ya DNA, kama katika "vipimo vya vinasaba", na wakati mwingine kwa maana ya jeni. Nchini Kenya hutumika "DNA" au "msimbojeni". Mtu akisoma kwamba "vinasaba vimebadilishwa", hawezi kujua kama ni herufi tatu za jeni moja au ni ukoo mzima wa mmea.

7. Mapendekezo ya istilahi

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi katika uwanja huu. Kinachohitajika ni kuvigawia kazi. Mgawanyo ufuatao unapendekezwa:

Kuhakiki: kulinganisha nasaba na ushahidi unaopimika, swali kwa swali. Kitenzi hiki, chenye shina moja na "haki" na "uhakika", kinafaa kwa maswali ya (a), (b), (c) na (e).

Kuthibitisha: kufikia hitimisho kwamba dai la sababu na matokeo limesimama. Kitengewe swali la (d). Nasaba huhakikiwa, dai huthibitishwa.

Kuidhinisha: kutoa ruhusa kwa mamlaka ya sheria. Kwa hiyo mbegu yenye lebo ya KEPHIS iitwe "mbegu iliyoidhinishwa", kama inavyoitwa tayari na waandishi wengi wa Kenya.

Kudhibiti: kuendelea kusimamia ubora au usalama. Kitenzi hiki huchanganywa mno na "kuthibiti" na "kuthibitisha" kwa sababu ya ukaribu wa "dh" na "th", ingawa asili zake katika Kiarabu ni mbalimbali. Kosa hilo la tahajia, katika taarifa ya mbegu, huwa kosa la maana.

Nasaba: mfululizo wa uzao wenye chimbuko moja linalojulikana. Likikubaliwa kwa maana hii, "vinasaba" liachwe kwa upande wa DNA, na "jeni" libaki jeni.

Yaweza kupingwa kwamba matumizi ya umma hayaongozwi na orodha za wataalamu, na kwamba "kuthibitisha" limekwisha kukita mizizi. Pingamizi hilo lina nguvu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1990, ilisaidia sana, lakini hakuna kamusi iliyowahi kuzuia neno kutanuka katika vinywa vya watu. Kwa hiyo pendekezo jepesi zaidi linahusu sarufi. Umbo la kutendwa, "imethibitishwa", humruhusu mwandishi kumficha mtenda na kuacha kishazi cha yambwa. Inatosha kudai kwamba kitenzi hicho kisiachwe peke yake: kithibitishwe nini, na nani, kwa kipimo gani. Sentensi "mbegu hii imethibitishwa" haina habari. Sentensi "KALRO imehakiki kwamba nasaba hii haina DNA ngeni" ina habari inayoweza kukubaliwa au kukanushwa.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uhakiki wa nasaba iliyohaririwa jeni ni mkusanyiko wa maswali matano yasiyoweza kujibiwa kwa kipimo kimoja, na kwamba ukoga, kwa uchache wa nakala zake, huyaweka wazi maswali ambayo katika mahindi hujificha ndani ya vizazi. Imeonyeshwa pia kwamba miongozo ya mwaka 2022 imeyafanya majibu hayo kuwa na uzito wa kisheria.

Idara za Kiswahili zilizo karibu na mashamba haya, ikiwamo ile ya Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma, zina nafasi nzuri ya kuyapima mapendekezo haya kwa wakulima, kwa wauza mbegu na kwa watangazaji wa redio, na kuona ni vitenzi vipi vitakavyoshika. Kazi hiyo ifanywe kabla mifuko ya mbegu zilizohaririwa haijafika madukani, kwa kuwa neno likishachapwa kwenye mfuko, si rahisi tena kulirekebisha.